Siku Mama Juu Aliposhuka

9 Januari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Huku kwetu hatujambo. Shemeji yako yuko na gereji yake, na bado anarudi nyumbani na mafuta ya injini hadi masikioni. Binti yetu amefaulu mwaka wa kwanza chuoni. Yule aliyekuwa analia akiona hesabu sasa anasema anataka kuwa mhandisi, na sisi tunaitikia tu kwa adabu.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu ya nyumba hii huongelewa sebuleni mbele ya kila mtu, na mengine si ya sebuleni. Halafu mimi na wewe tumeandikiana tangu ulipokwenda bweni, sioni sababu ya kuacha leo.

Jengo letu limefika ghorofa ya tisa kati ya kumi na nne. Kreni imeongezwa urefu. Kutoka chini hadi kwenye kibanda changu cha kuendeshea ni ngazi mia mbili na kumi, nimezihesabu mwenyewe. Vijana wa chini wananiita Mama Juu. Mwezi uliopita alikuja mgeni kutoka makao makuu ya kampuni, akainua macho, akauliza ni jamaa gani yule anayepitisha vioo karibu na ukuta namna ile bila kuugusa. Wakamwambia si jamaa, ni mama wa watu. Miaka kumi na minane, kaka, na sijawahi kuangusha mzigo hata mmoja.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Usingizi umenipotea. Nalala saa mbili au tatu tu usiku kucha, basi. Na mchana kuna wakati moyo unakwenda mbio kama nimefukuzwa, na huku nimekaa kitini. Nitajie dawa nzuri ya usingizi. Mengine ni madogo, sina haja ya kukuchosha nayo.

Msalimie wifi sana. Mwambie asiache kuandika mistari yake pale chini ya barua yako, maana habari zenu za kweli huwa ziko hapo.

Mdogo wako

*

2 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika salama na tumeifurahia. Sisi wazima. Kitinda mimba wetu amenipita kwa urefu, sasa ananiangalia utosini kwa dharau. Mpe hongera binti yenu, na usimcheke, wahandisi wengi walilia utotoni. Wifi yako hajambo, yuko na madarasa yake. Zahanati yetu imepakwa rangi upya, foleni ni ile ile.

Dawa ya usingizi sikupi kwa barua. Kapime malaria, presha, sukari na wingi wa damu. Acha chai ya jioni. Moyo kwenda mbio, kwa mtu anayepanda ngazi mia mbili kila asubuhi, si ajabu hata kidogo.

Hapo nimeongea kama tabibu. Sasa naongea kama kaka. Una miaka hamsini. Ulitaka kuonyesha kwamba mwanamke anaweza kazi ile, umeonyesha, hakuna anayebisha tena. Waombe wakupe kazi ya chini. Hata stoo si mbaya. Utagawa kofia na glavu, saa kumi uko nyumbani, utalala kama mtoto mchanga. Baba angekuwepo angekuambia hivyo hivyo.

Kaka yako

*

20 Februari

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo. Shemeji yako ana mafua, lakini anakohoa kama mtu anayetaka kuhurumiwa, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Nimefanya ulivyoniagiza. Malaria hakuna. Presha nzuri, sukari nzuri, damu ya kutosha. Chai ya jioni nimeiacha, sasa nakesha bila chai. Kijana aliyenipima aliniambia sina ugonjwa wowote, nikapumzike.

Kuhusu stoo, nimesoma. Mwandiko wako umenyooka kama kawaida. Sina la kuongeza.

Ila kuna jambo la Jumanne ambalo halinitoki kichwani. Nilikuwa napandisha nondo ghorofa ya tisa. Chini yuko mpiga ishara wangu, tumefanya naye kazi miaka sita, yeye ndiye macho yangu pale nisipoona, tunaongea kwa redio. Mzigo uko hewani, joto likanianza kifuani, likapanda shingoni, likafika utosini, kama mtu amenifunulia sufuria linalochemka usoni. Jasho likaingia machoni. Sikuona kitu. Nikasimamisha mashine, mzigo ukaning'inia, nikasema kwenye redio, "Subiri." Nikakaa hivyo dakika tatu. Chini ya mzigo hapakuwa na mtu, sheria yetu hairuhusu, lakini dakika tatu ni nyingi sana kwa mtu aliyeinua shingo.

Msimamizi wa ujenzi akauliza kuna nini. Nikajibu vumbi limeniingia jichoni. Kaka, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Vumbi lingetoka wapi? Mpiga ishara naye alikuwa kwenye mvua hiyo hiyo, na nikajua amejua.

Sikuwa nimewahi kusema uongo kwenye ile redio.

Wifi mbona hakuandika chochote safari hii?

Mdogo wako

*

17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, tumekuwa na ukaguzi, na wakaguzi wanakula muda kuliko wagonjwa. Sote wazima. Mkubwa wetu ameanza chuo, nyumba imekuwa kubwa kidogo. Wifi yako ana mitihani mingi ya kusahihisha, ndiyo maana hakuandika. Siku hizi anasahihishia kwenye chumba cha mtoto.

Majibu yako ni mazuri na unapaswa kushukuru. Hilo lililobaki ni wasiwasi na uchovu. Nimekuandikia kwenye karatasi ya pili jina la vitamini, zinapatikana duka lolote la dawa. Usidhani uko peke yako. Hapa akina mama wa rika lako wanajaa kila siku, na malalamiko yao hayana kichwa wala miguu. Leo joto, kesho magoti, keshokutwa amesahau alichokuja kusema. Nawapa vitamini na maneno mazuri, wanakwenda. Muuguzi wetu mkuu, mama mmoja mwenye ulimi mkali, aliniambia juzi kwamba mimi natibu kadi, sitibu watu. Nikacheka.

Ile habari ya nondo haikunipendeza. Nakurudia tena, shuka kabla hujashushwa.

Kaka yako

*

5 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimekawia kujibu kwa makusudi. Barua yako ya Machi niliikunja nikaiweka mbali hadi hasira ilipopungua. Sote wazima. Shemeji yako nitamtaja mbele, maana ametenda jambo ambalo nataka ulijue.

Nimeshuka. Usifurahi bado, soma hadi mwisho.

Ilikuwa tarehe kumi na moja ya mwezi uliopita. Siku hiyo tulikuwa tunapandisha vioo vya upande wa mbele, na nilikuwa nimelala saa mbili tu. Kioo cha kwanza kikaenda vizuri, na cha pili. Cha tatu kikiwa bado chini, hakijaondoka ardhini, nikahisi lile joto linaanza, na vidole vyangu kwenye vishikio vikawa vinatetemeka. Nikatazama ule mkono wangu, kaka, mkono ninaouamini kuliko kitu chochote duniani. Nikachukua redio nikasema, "Nashuka." Nikazima mashine, nikafunga kibanda.

Kwenye ngazi nilikuwa natafuta uongo. Tumbo. Kizunguzungu. Simu kutoka nyumbani. Nilikuwa nao wa kutosha, miezi yote hiyo nilikuwa nimeshajifunza. Lakini nilipofika kama katikati nikawaza, nikisema tumbo leo, kesho nitasema nini? Na yule mama anayetupikia, ambaye nimemwona mara nyingi akijimwagia maji shingoni nyuma ya jiko, yeye huwa anasema nini? Nikashuka zilizobaki bila kutafuta tena.

Chini walikuwa wamekusanyika. Unajua kreni ikisimama kila kitu kinasimama. Msimamizi wetu ni kijana wa miaka thelathini na kitu, si mbaya, ila ana haraka ya maisha. Akaniuliza nina nini. Nikamjibu mbele ya wote:

"Siumwi, na sijazeeka. Hedhi yangu inakoma. Joto linanipanda, silali, na leo mkono umetetemeka. Mtu ambaye mkono umemtetemeka hapaswi kuinua kioo juu ya vichwa vya wenzake, ndiyo maana nimeshuka mwenyewe. Naomba nikatibiwe, kisha nirudi kwenye kiti changu."

Msimamizi hakujua aangalie wapi, akaishia kuangalia viatu vyake. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mpiga ishara akageuka akamtazama tu, kicheko kikafa pale pale. Kisha akachukua begi langu, akanisindikiza hadi getini, na njiani akaniambia kwamba tangu ile siku ya vumbi alikuwa ananiombea nishuke mwenyewe, kwa sababu hakutaka awe yeye wa kwenda kusema.

Utashangaa nimejuaje ni hedhi, wakati mimi mwenyewe nilikuandikia habari za usingizi tu. Nilijua siku tatu kabla. Shemeji yako ndiye aliyenipeleka. Miezi yote hiyo alikuwa anabadilisha mashuka yaliyolowa asubuhi bila kuniuliza neno. Wiki ile akaniambia amesikia kuna mkunga mstaafu nyuma ya gereji amefungua kliniki ndogo, na amenipangia siku. Mwanamume wa spana na mafuta, kaka, alikwenda kunipangia siku kwa mkunga.

Yule mama alinikalisha, akafunga mlango, akaniuliza swali moja kabla ya kunigusa. Mara ya mwisho niliona hedhi lini. Nilifikiri nikashindwa kukumbuka vizuri, ilikuwa imeshaanza kuja na kupotea tangu mwaka juzi. Basi akaanza kunieleza mwenyewe mambo yangu, moja baada ya jingine, kama alikuwa anaishi chumbani kwetu. Joto, usingizi, moyo, magoti, kusahau, kulia bila sababu. Sikuwa nimemwambia hata nusu. Akanipima tena presha, akanichunguza matiti, akaniuliza kama katika ukoo wetu kuna saratani au damu kuganda, ndipo akanipeleka kwa daktari wa hospitali kubwa anayefanya naye kazi. Sasa natumia dawa ya homoni, kwa uangalizi, na kila baada ya wiki sita narudi. Alinieleza faida zake na hatari zake, akaniacha nichague.

Kaka, wewe hukuniuliza lile swali. Najua na mimi sikukuambia, niliona aibu, wewe ni kaka yangu. Lakini wewe ni tabibu miaka ishirini na sita. Kwenye ile orodha yako kulikuwa na malaria, sukari na chai.

Unamkumbuka marehemu mama, mwaka ule alipohamishia mkeka wake jikoni? Baba alituambia mama ameichoka nyumba. Sisi tukaamini, tukawa tunapita jikoni kimya kimya kama kuna mgonjwa wa akili. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Jikoni kulikuwa na sakafu ya saruji, ndiyo ilikuwa na baridi peke yake nyumba nzima. Nimelijua hilo mwezi uliopita.

Kazini wameniletea barua. Nimehamishiwa stoo "kwa usalama wake." Sijaisaini. Nimeandikiwa cheti na kliniki, na nitakwenda nacho ofisini mimi mwenyewe.

Mwisho nikuulize na mimi swali moja. Wifi ana miaka arobaini na tisa. Unasema anasahihishia kwenye chumba cha mtoto. Analala wapi?

Mdogo wako

*

28 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Watoto wazima. Usihesabu siku, najua ni nyingi.

Barua yako niliisoma zahanati, nikaifungia kwenye droo, nikamaliza foleni. Ilikaa kwenye droo wiki mbili. Kila nikichukua kalamu naiona ipo.

Umeuliza wifi yako analala wapi. Analala chumba cha mtoto tangu mwezi Novemba, hata kabla mtoto hajaenda chuo, walikuwa wanabadilishana. Mimi nilidhani amenichoka. Sikumuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Kwako niliandika "hajambo" kwa sababu ni neno fupi.

Jumamosi moja mchana nilichukua barua yako nikaenda kukaa kwenye kitanda cha mtoto. Yeye alikuwa mezani na madaftari. Nikamwomba ruhusa nimsomee. Nilianzia pale uliposema sikukuuliza swali, nikasoma hadi mwisho, hata lile la analala wapi. Hakugeuka. Alifunga kalamu yake, akaniambia bila hasira yoyote:

"Nilikuja zahanati kwako mwezi wa kumi. Nilikaa kwenye foleni kama mgonjwa mwingine, nikidhani ukiniona kwenye kile kiti utanisikiliza kama mgonjwa. Ulinipima malaria. Ukaniambia nipumzike, ukaita anayefuata."

Nilikumbuka. Nilikuwa hata nimetania siku ile kwamba mke wa tabibu hana haja ya kupanga foleni. Mdogo wangu, nimewahi kupoteza wagonjwa, na nimewahi kukosea dozi usiku nikakesha nikiomba. Sijawahi kuona aibu kama ya siku hiyo. Nilikaa pale hadi nilipoweza kusema samahani bila kuiwekea sababu.

Jumatatu nilimfuata muuguzi mkuu, yule mwenye ulimi, nikamwambia nataka anifundishe. Akaniambia nikae. Kwenye kabati lake kulikuwa na faili la mafunzo aliyokwenda miaka mitatu iliyopita. Alikuwa ameliandika vizuri, kwa mkono, na hakuna aliyewahi kuliomba. Nimejifunza jioni baada ya foleni, wiki mbili mfululizo, yeye mwalimu mimi mwanafunzi, na ananisahihisha kwa wino mwekundu.

Sasa kila Jumatano mchana ni siku ya akina mama hao. Chumba kimoja, mlango unafungwa, feni moja, na swali la kwanza ni lile. Wasiohitaji dawa tunazungumza nao, wanaohitaji tunawapeleka hospitali kubwa na barua iliyoandikwa ikaeleweka. Jumatano ya kwanza walikuja wanne. Jumatano iliyopita benchi halikutosha.

Mmoja ni mshonaji wa hapa mtaani. Nilifungua kadi yake. Mwaka jana nilimpa dawa ya malaria mara sita, na mara zote sita kipimo kilisema hakuna malaria. Mwandiko ni wangu, umenyooka kama kawaida. Nilimwomba msamaha. Alisema hakuwa amekasirika, alichoogopa ni kwamba anapoteza akili, kwa sababu kama tabibu haoni kitu basi kitu hicho lazima kiko kichwani mwake. Alikuwa ameshauza cherehani moja kati ya mbili, akidhani hataweza tena kazi.

Wifi yako bado yuko chumba cha mtoto, na sijamwambia arudi. Nimemfungia feni huko huko. Jumapili alinikaribisha chai, tukanywa tumekaa kwenye kile kitanda kidogo kama wanafunzi wa bweni.

Usiende stoo. Niliyokuandikia Februari na Machi yachane, au yaweke umwonyeshe binti yako jinsi watu wenye elimu wanavyoweza kuwa wajinga.

Kaka yako

Wifi, mimi hapa. Kaka yako ameacha nafasi hii bila kuniambia, ameiweka tu karatasi mezani akatoka. Barua yako ile nimemwomba aniachie, iko kwenye begi langu la shule. Baada ya kuisoma nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba darasa lenye madirisha pande mbili, na nikamwambia sababu, kwa jina lake. Amenipa. Walimu wawili wamenifuata baadaye chooni wananiuliza nilisemaje. Nimewafundisha. Na kwamba nilimchoka kaka yako, hapana. Kuna siku nilikaribia tu.

*

10 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo. Na wifi naye nampa salamu zake peke yake, kubwa. Huku wazima. Nimesoma barua yenu mara tatu, na ya tatu nilimsomea shemeji yako. Alisema yeye alijua zamani kwamba wewe ni mtu mzuri, ila huwa unachelewa kuwaka, kama gari la dizeli. Ameniomba nisikuandikie hilo.

Barua zako za zamani sikuzichana. Zimekaa pamoja na za baadaye.

Ofisini nilikwenda mara nne. Mara ya kwanza waliniambia msimamizi hayupo, na nilimwona dirishani. Mara ya pili wakaniambia mambo ya akina mama hayamo kwenye kanuni za kazi. Nikawaambia kwenye kanuni kuna mgongo, kuna macho, kuna mtu aliyevunjika mguu akapewa miezi mitatu na kiti chake kikamsubiri. Mimi sikuvunja kitu, naomba wiki chache na feni.

Mara ya tatu sikuwa peke yangu. Alikuja mpishi. Alikuja yule mama wa kuchanganya zege, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea maneno kumi kwa siku. Na alikuja karani wa ofisi yenyewe, mwanamke wa rika langu, kaka, akatoka nyuma ya meza yake akasimama upande wetu. Alikuwa na barua ya kuacha kazi kwenye droo tangu Machi. Alikuwa ameanza kukosea tarehe na majina, akaona ni heri aondoke kabla hawajamwona hafai. Aliitoa akaichana mbele ya msimamizi.

Msimamizi akaketi. Akasema mama yake mzazi aliacha kazi ya benki akiwa na miaka hamsini na mbili, na nyumbani hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Mara ya nne nilipokwenda, yeye ndiye aliyeniita.

Basi nikueleze tulichopata. Kibandani nina feni na pazia la jua. Ovaroli nene tumebadilishiwa, sasa ni za pamba nyepesi, na wanaume nao wamezitaka. Kuna choo cha wanawake chenye mlango na maji, si kile cha kubisha hodi kwa kukohoa. Kuna mtu wa pili kwenye kreni, tunapokezana kila baada ya saa mbili. Ni mpiga ishara wangu, nimemfundisha mwenyewe, ana mkono mzuri ila anaongea sana na mashine. Na kuna neno la redio. Mtu yeyote akisema "Natua," anateremsha mzigo wake na anashuka, na hakuna anayeruhusiwa kuuliza sababu hewani. Wa kwanza kulitumia alikuwa mwanamume aliyeumwa jino.

Nimerudi juu tarehe kumi na nne Julai. Daktari alinipima, msimamizi wa usalama akanipima, mpiga ishara akanipima kwa macho, wote wakaridhika. Usingizi umerudi, si wote, lakini wa kutosha. Joto bado linapita mara moja moja, naliacha lipite. Nilianza na mzigo mwepesi, mbao. Ulipofika juu na kukaa mahali pake bila kishindo, redio ilikuwa kimya, hakuna aliyepiga makofi wala nini. Nikasikia tu sauti ya chini ikisema, "Haya Mama Juu, unaofuata."

Hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka.

Mdogo wako

*

21 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote wazima. Wifi yako sasa ana feni mbili, moja kila chumba, na huchagua mwenyewe alale wapi. Siku hizi mara nyingi nachaguliwa. Mshonaji amenunua cherehani nyingine, ameniambia nipeleke suruali zangu zote, anasema nazivaa kama nimeazima.

Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano wa matabibu wa zahanati, na nikaombwa nieleze ile siku yetu ya Jumatano. Nilikwenda na muuguzi mkuu, yeye ndiye aliyeeleza, mimi nilishika karatasi. Tabibu mmoja wa umri wangu akasimama, akasema haya mambo ni ya maumbile, bibi zetu waliyapita bila kliniki. Muuguzi akaniachia mimi nijibu. Nikawaambia kwamba mama yangu aliyapita peke yake kwenye sakafu ya jikoni, na mke wangu aliyapita kwenye foleni yangu mwenyewe. Nikawaambia habari ya kadi ya mara sita, nikataja kwamba mwandiko ni wangu. Wakaniuliza nilipata mafunzo haya chuo gani. Nikasema nimefundishwa na muuguzi, na kabla ya muuguzi nilifundishwa na mdogo wangu, mwendesha kreni. Walidhani natania. Zahanati saba zimeomba nakala ya faili.

Sasa nakiri jambo moja. Mkutano ulikuwa katika mji wenu. Tulifika usiku, mkutano ukawa kesho yake, tukarudi siku iliyofuata mchana, na sikukuambia. Asubuhi ile, kabla ya gari, nilitembea hadi kwenye jengo lenu. Nilisimama ng'ambo ya barabara, karibu na fundi viatu mwenye kibanda pale, karibu saa nzima. Miaka kumi na minane unafanya kazi hii, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuja kukuona ukiifanya.

Ulikuwa unapandisha dirisha kubwa la ghorofa ya kumi na mbili. Upepo ulilisukuma likaanza kuzunguka, na nikashika moyo. Wewe ulilisubiri. Ulilisubiri tu, hadi likatulia lenyewe, ndipo ukalipeleka polepole, na wale wa juu wakanyoosha mikono wakalipokea kama wanapokea mtoto. Sikutaka mtu akwambie nipo. Ungeshuka, na mimi nilikuwa nimekuja kukuona ukiwa huko juu.

Fundi viatu aliniuliza mzee natazama nini muda wote huo. Nikamwambia anayeendesha mashine ile ni mdogo wangu, tumezaliwa tumbo moja, ana miaka hamsini. Akaacha kiatu, akasimama, akaweka mkono juu ya macho. Alitazama muda mrefu, kisha akamwita mwenzake wa duka la pili aje naye aone.

Kaka yako